NYUMBA NA AFYA: Maji Kwanza, Kisha Mafuta



Kiangazi kimeingia. Anayesafiri siku hizi kutoka Mbarara kuelekea Isingiro hujionea mwenyewe jinsi majani yalivyobadilika rangi na jinsi vumbi linavyofuata kila gari. Nchi ikikauka, na ngozi za watu nazo hukauka. Miguu hupauka kama iliyopakwa majivu, midomo hupasuka, visigino hufanya magaga, na watoto hujikuna usiku. Ndiyo maana barua nyingi zilizoletwa kwenye ukurasa huu zinauliza jambo moja: mafuta gani yafaa kupaka mwilini?

Barua moja imenigusa kuliko nyingine, nami nitaijibu kwa urefu kwa kuwa jibu lake litawafaa wengi. Imeandikwa na mke wa konstebo wa polisi anayefanya kazi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Anaandika hivi:

"Mama, mtoto wangu ana umri wa miaka mitatu. Nampaka mafuta asubuhi, nampaka mchana, na bado ngozi yake inakwaruza kama msasa. Baba yake hukasirika kwamba kopo la mafuta halimalizi mwezi. Juma lililopita shoga yangu wa Mbarara alinipa kikopo kidogo kisicho na maandishi. Nilimpaka mtoto siku mbili tu, ngozi ikawa laini, mwasho ukaisha, hata rangi yake imeanza kung'aa. Majirani wananisifu. Je, niendelee? Na kikiisha, ninunue kingine?"

Sikungoja gazeti lipigwe chapa. Nilimpelekea neno siku ile ile: Mwanangu, kifunike kikopo hicho, ukiweke mahali mtoto asipofika, wala usimpake tena. Mpeleke mtoto kituo cha afya, nacho kikopo ukichukue wakakione. Kisha, juma lililofuata, nikafunga safari kwenda kumtazama.

NILIYOYAONA NAKIVALE

Wasomaji wengi wanaijua Nakivale kwa jina tu. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Yako kusini-mashariki mwa Mbarara, kando ya ziwa la jina hilo hilo, katika wilaya ya Isingiro ambayo ilimegwa kutoka Mbarara mwaka 2005. Wanaishi humo zaidi ya watu laki moja, waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Ni nchi ya ng'ombe na vichaka, na mvua yake si ya kutumainiwa. Maji huchotwa kwenye mabomba ya umma, na katika kiangazi foleni ya madumu huwa ndefu. Kila mama hupima: haya ya kupika, haya ya kunywa, haya ya kuoga.

Nilifika jioni, mwenyeji wangu akiwa anamwogesha mtoto. Nilikaa juu ya kigoda nikatazama bila kusema neno. Maji yalikuwa ya moto, mvuke ukipanda. Sabuni ilikuwa ile ya mche tunayofulia nguo. Alimsugua mtoto mwili mzima kwa nguvu, kichwa hadi nyayo, akamkausha kwa taulo mpaka pasibaki tone, akamvika nguo akamlaza. Mafuta hakumpaka.

"Mafuta unampaka saa ngapi?" nikauliza.

"Asubuhi, Mama, akiamka. Usiku mafuta yanachafua shuka."

Hapo nilielewa kwamba shida haikuwa ya kopo wala ya fedha. Mama huyu alikuwa na bidii kuliko wengi, lakini alikuwa anafunika chungu kilichokwisha kukauka.

KAZI YA MAFUTA NI KAZI YA MFUNIKO

Tuifahamu ngozi kwanza. Tabaka lake la juu kabisa limejengwa kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe ndogo ndogo zilizokwisha kufa, na udongo unaoziunganisha ni mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza. Ukuta huo ukiwa mzima, maji ya mwilini hayatoki ovyo, wala vijidudu na vumbi havipenyi. Maji ya moto na sabuni kali huyeyusha ule udongo, na hewa kavu ya kiangazi huyanyonya maji kupitia nyufa. Ngozi hukakamaa, huwasha, hupasuka.

Wengi hudhani kwamba mafuta huinywesha ngozi maji. Sivyo. Mafuta hayana maji ya kutoa. Kazi yake kubwa ni kufunika, kama mfuniko wa chungu uzuiavyo mvuke usitoke. Ukifunika chungu chenye maji, maji yatabaki. Ukifunika chungu kitupu, utabaki na chungu kitupu kilichofunikwa. Kwa hiyo, wakati wa kupaka mafuta ni mara tu baada ya kuoga, mwili ungali na unyevu.

Utaratibu ni huu, nao hauhitaji maji mengi. Beseni dogo latosha mtoto.

Maji yawe vuguvugu, ambayo kiwiko cha mama hakiyaoni kuwa ya moto. Mtoto asikae majini zaidi ya dakika tano au kumi. Sabuni ya kufulia iachwe kwa nguo. Tumia sabuni ya kuogea isiyo kali wala yenye manukato mengi, na uitie mahali panapochafuka: kwapani, mapajani, matakoni, mikononi na miguuni. Mahali pengine, siku ambayo mtoto hakugaagaa mavumbini, maji matupu yatosha. Usisugue kwa dodoki gumu wala kwa jiwe. Kisha mkaushe kwa kumgusa-gusa na kitambaa laini, pasipo kumpangusa kwa nguvu, na kabla unyevu haujaisha mpake mafuta utando mwembamba mwili mzima, ukifuata mlalo wa nywele. Asubuhi, kama maji ya kuoga hayapo, lowesha kitambaa safi, mpitishe mwilini, ndipo upake. Kwa njia hii mafuta kidogo hufanya kazi kubwa, na kopo lililokuwa haliishi mwezi laweza kuuvuka.

MAFUTA GANI?

Katika jambo hili Nakivale ni chuo, maana kila taifa limekuja na mafuta yake. Mama wa Kongo ana mafuta ya mawese na ya kokwa za mchikichi. Mama wa Kisomali ana mafuta ya ufuta, na unga wa majani uitwao qasil wa kuoshea uso. Wafugaji wa Ankole na majirani zao wamejipaka samli tangu enzi za mababu. Kutoka kaskazini mwa Uganda huja mafuta ya mti wa shea, ambayo Waacholi huyaita moo yaa. Na madukani kote yamejaa mafuta ya mgando, ambayo wengi huyaita Vaseline hata kama ni ya kampuni nyingine.

Mafuta ya mgando hayatoki mmeani wala kwa mnyama. Mwaka 1859 kijana mwanakemia, Robert Chesebrough, alikwenda kwenye visima vya petroli huko Pennsylvania, Marekani, akawakuta wafanyakazi wakijipaka majerahani nta nyeusi iliyoganda kwenye mitambo. Aliisafisha mpaka ikawa nyeupe, na mwaka 1872 akapata hataza. Hadi leo ni machache yanayoyashinda kwa kazi ya kufunika. Hayaozi, hayana manukato kama ni ya kawaida, na bei yake ni nafuu. Aliye na fedha kidogo asione haya kuyatumia.

Mafuta ya alizeti nayo yana sifa. Katika hospitali ya watoto mjini Dhaka, nchini Bangladesh, madaktari waliwapaka mafuta hayo watoto waliozaliwa kabla ya siku zao, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba maambukizi ya vijidudu yalipungua kwa takriban asilimia 40 kuliko kwa wale wasiopakwa. Sielezi hayo ili mama amtibu nyumbani mtoto aliyezaliwa njiti. Mtoto huyo ni wa hospitali. Nayaeleza ili tujue kwamba ukuta wa ngozi ni ngome, na kwamba mafuta ya kawaida yaweza kuisaidia ngome hiyo. Ukitumia alizeti, yatie kwenye chupa yake ndogo safi. Usichote kwenye mafuta yaliyokwisha kukaangiwa.

Samli ni mfuniko mzuri, lakini huharibika na kuvuta nzi. Itumie ikiwa mbichi na safi, wala isipakwe kwenye kidonda au kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Shea na nazi ni nzuri pia. Mafuta ya zeituni, ingawa ni ghali, si bora kwa ngozi kavu, maana imeonekana kwamba yaweza kuudhoofisha ule ukuta. Bei si kipimo cha ubora.

Onyo moja kubwa: mafuta ya mgando na mengine ya jamii yake yakilowa kwenye nguo na matandiko, kitambaa huwaka moto upesi mno. Katika nyumba zetu za kambini, na katika vibanda vyenye tadooba na mafiga matatu, mtoto aliyepakwa mafuta asikae karibu na moto, na nguo zake zifuliwe mara kwa mara. Hata hivyo kufua hakuondoi hatari yote.

KIKOPO KISICHO NA MAANDISHI

Sasa tufike kwenye kikopo. Mama wa mtoto aliniuliza swali la haki: "Mbona kilimponya?"

Sikuweza kujua kilichomo kwa kukitazama, wala yeye hakuweza, wala shoga yake. Hilo peke yake latosha kukikataa. Lakini dalili zilisema. Mafuta ya kawaida hayaondoi mwasho kwa siku mbili na kuing'arisha rangi. Yanayofanya hivyo aghalabu yana dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo daktari huzitoa kwa kipimo, kwa siku chache, kwa ugonjwa unaojulikana. Zikipakwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, huleta michirizi isiyofutika, na kwa mtoto mdogo huingia damuni zikadhuru ukuaji wake. Zikiwa zimezoeleka na kuachwa ghafla, ngozi huwaka kuliko mwanzo, ndipo mtu hukimbilia kikopo kingine.

Vikopo vingine vina haidrokwinoni au zebaki. Zebaki huharibu figo na mishipa ya fahamu, nayo hupita kutoka mikononi mwa mama hadi mwilini mwa mtoto anayenyonya. Tanzania ilipiga marufuku vipodozi vya namna hii mwaka 2003, Rwanda ikafanya msako mkubwa tangu mwishoni mwa mwaka 2018, na Mkataba wa Minamata uliotiwa saini mwaka 2013 umevilenga pia. Hata hivyo mkorogo bado huvuka mipaka katika mikoba. Wanaouona weupe kuwa ni afya wanajidanganya. Ngozi nyeusi iliyotunzwa hung'aa kwa weusi wake.

Basi kila ununuapo, soma. Pasipo jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe ya kuisha, usinunue, hata kama muuzaji ni rafiki yako.

MIGUU YA ASKARI

Mabwana askari wasidhani kwamba makala haya ni ya akina mama pekee. Miguu inayoshinda ndani ya buti na kulala mikavu ndiyo inayopasuka kwanza. Magaga yenye kina hutoa damu, huingiza vijidudu, na askari anayechechemea si askari wa doria.

Jioni, lowesha miguu katika maji vuguvugu kwa muda wa dakika kumi na tano. Sugua visigino polepole kwa jiwe la kusugulia. Usikate ngozi kwa wembe. Kausha vizuri katikati ya vidole, na hapo usipake mafuta, maana unyevu huleta fangasi. Penginepo paka mafuta ya mgando, uvae soksi safi, ulale. Baada ya majuma mawili au matatu utaona tofauti. Mwenye ugonjwa wa kisukari asiloweke miguu, bali aioshe upesi, aikague kila siku, na amwone muuguzi kwa ufa wowote. Na yeyote ambaye miguu yake imekufa ganzi asiyapime maji kwa mguu wake mwenyewe. Ampe mwingine ayapime kwa kiwiko.

Anayecheka kwamba huko ni kujiremba na asikilize habari ya Kamwenge, katika magharibi haya haya ya Uganda. Watu huko walivimba miguu kwa miaka mingi, wengine wakadhani ni matende yanayoletwa na mbu. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2015 ulibainisha kuwa ni podokoniosisi, ugonjwa unaowapata wanaotembea miguu mitupu miaka mingi juu ya udongo mwekundu wa asili ya volkano. Dawa yake ya msingi ni kuosha miguu kila siku, kuipaka mafuta na kuvaa viatu. Huko kaskazini mwa Ethiopia utaratibu huo ulijaribiwa kwa wagonjwa 696, na matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba waliofundishwa walipatwa na homa na maumivu ya miguu mara chache zaidi. Beseni, sabuni, mafuta na viatu viliwarudisha watu mashambani.

SI KILA NGOZI IWASHAYO NI KAVU

Mafuta yana mpaka wake. Kama mtoto anajikuna zaidi usiku, ana vipele katikati ya vidole, viganjani na kiunoni, na wenzake wa kitanda kimoja wanajikuna pia, huo ni upele. Mafuta hayatauponya. Nyumba nzima yapaswa kutibiwa siku moja kwa dawa ya kituo cha afya, na nguo na matandiko kufuliwa. Kama kuna duara lenye ukingo ulioinuka, huenda ni choa. Kama kisigino kina kidoa cheusi kinachowasha, huenda ni funza. Usimchokoe kwa pini inayopita kwa watu wote wa nyumba. Kama ngozi ya mtoto ni kavu na nyekundu kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, ikipona na kurudi, huenda ni ukurutu, ambao wahitaji mafuta kila siku pamoja na dawa ya daktari.

Na kama kuna baka lililopauka ambalo likiguswa kwa manyoya halihisi, usifiche. Huenda ni ukoma, nao siku hizi hupona kabisa kwa vidonge ukiwahi. Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambako Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kilichofunguliwa mwaka 1989 kinafundisha madaktari, ina wataalamu wa ngozi.

Wenzetu wenye ualbino nao wakumbuke kwamba mafuta ya kawaida hayazuii jua. Mbarara iko juu, takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na jua lake ni kali. Wavae kofia pana na mikono mirefu, na watafute mafuta maalumu ya kuzuia jua.

MTOTO ALIVYOENDELEA

Mwenyeji wangu alimpeleka mwanawe kituo cha afya. Alionekana kuwa na ukurutu, akapewa dawa ya kupaka kwa siku chache, na kuagizwa mafuta ya mgando kila siku baada ya kuoga. Kikopo hakikurudi nyumbani.

Juzi nimepata barua yake ya pili. Mtoto analala usiku. Ngozi haing'ai kama ile ya siku mbili za kikopo, na kuna majirani wanaouliza kwa nini aliacha "dawa nzuri". Amewajibu kwamba mtoto wake hana haja ya kuwa mweupe, ana haja ya usingizi. Nimeyasoma maneno hayo mara mbili.

Mwishoni ameongeza habari ya mumewe. Yule konstebo aliyekuwa akihesabu makopo ya mafuta sasa huomba beseni kila jioni arudipo kazini, akaloweka visigino vyake. Mafuta, asema mkewe, bado hayamalizi mwezi, lakini safari hii mwenye kuyamaliza hakasiriki.

Akina mama na mabwana, leo jioni jaribuni wenyewe: maji kwanza, kisha mafuta. Juma lijalo tutazungumza juu ya kuhifadhi maziwa katika nyumba isiyo na jokofu. Hadi hapo, kwaherini, nawatakia afya njema.